Jibu: Friji ya kwenye Hiace inazima usiku na betri imejaa

Salaam mkuu. Umesema friji ya volti 12 inazima usiku, ilhali betri ya pili inasoma 12.6. Usinunue betri kwanza. Pima volti kwenye plagi ya friji kompresa ikiwa inazunguka, si pale betrini. Ukikuta 11 na kitu, umeme unapotelea njiani: waya mwembamba, fyuzi iliyolegea, au ile soketi ya kuwashia sigara, ambayo mimi siiamini hata kidogo. Vuta waya wa milimita 6 za mraba kutoka betrini, fyuzi ikae karibu na betri, na waya wa hasi urudi betrini pia. Kwangu ilitosha. Volti zikiwa sawa, shusha kinga ya betri kwenye friji, yaani ule mpangilio unaoizima friji volti zikishuka. Ikiwekwa juu hukata mapema. Aina ya friji hukuitaja, tuwekee.