Namba ya ttyUSB si jina la bodi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kibirizi, Kigoma. Nimechomeka bodi tatu za Arduino Uno (kompyuta ndogo za kusoma vipimo), zile za bei nafuu zenye chipu ya CH340 ya kuziunganisha na USB, kwenye kompyuta moja ya Ubuntu, aina ya Linux. Mbili zinapima joto la mafriza ya samaki, ya tatu inapima kina cha maji ya tangi. Umeme ukikatika na kurudi, vipimo vinabadilishana. Juzi tangi lilisoma -18. Mtaalamu mmoja hapa mjini anasema bodi zimekufa, ninunue nyingine, na kwa sasa niwe naandika sudo chmod 777, amri ya kumpa kila mtu ruhusa kwenye faili la bodi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Bodi zako nzima, hela yako ibaki mfukoni.

Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa, haijui friza wala tangi. Inagawa namba kwa aliyewahi: wa kwanza kuonekana anaitwa ttyUSB0, anayemfuata ttyUSB1. Umeme ukirudi, foleni inapangwa upya, na programu yako inaendelea kuamini kuwa aliyekaa kwenye kiti ni yuleyule wa jana.

Kwa kawaida ningekuelekeza folda ya /dev/serial/by-id, ambako bodi hutajwa kwa namba yake ya kiwandani. Ila hizo CH340 nyingi hazina namba hiyo. Zote tatu zinajitaja kwa jina moja, kwa hiyo huko utaona kiungo kimoja tu. Tumia /dev/serial/by-path, inayofuata tundu la USB badala ya bodi. Chomeka moja baada ya nyingine, kila mara andika ls -l /dev/serial/by-path, na njia unayoiona uiweke ndani ya programu mahali pa ttyUSB0. Kisha paka rangi ya kucha kwenye tundu na waya wake. Waya ukihamia tundu jingine mpango umevurugika, kwa hiyo mwonye na anayefagia.

Sasa hiyo 777. Faili la kifaa huzaliwa upya kila bodi inapochomekwa, na linakuja na ruhusa zake za awali. Ulichoandika jana kimezimika pamoja na umeme. Tena ruhusa haisemi nani ni nani, hivyo hata ikikaa haikusaidii. Siku ukikataliwa ruhusa, andika mara moja tu sudo usermod -aG dialout $USER, inayokuingiza kwenye kundi la wanaoruhusiwa kutumia bodi hizi, toka kwenye akaunti, ingia tena.

Mimi huletewa "maiti" za namna hii mara kwa mara. Nyingine zimefungwa waya wa kuchajia simu usio na nyaya za data: taa inawaka, lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, haioni kitu. Nyingine zimekutana na Ubuntu 22.04, ambamo brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu vya wasioona, huidhania CH340 kuwa kifaa chake na kuinyakua, ttyUSB0 ikachomoza na kutoweka. Asiyetumia kifaa hicho aondoe kwa sudo apt remove brltty. Kuna waliobebesha habu (kigawanyio cha tundu la USB) isiyo na umeme wake bodi nne na mota juu, wakati tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampia 500 tu, wagawane wote. Hakuna hata moja hapo linaloponywa na bodi mpya, na bado watu wanauziwa.

Mtu akikutangazia msiba wa bodi, mwambie aandike sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo, aichomeke mbele yako, akusomee mistari inayotokea. Akianza kigugumizi, beba bodi yako uondoke.