Mtoto kaambiwa baba kasafiri kumbe amefariki, nimwambie sasa au nisubiri akue?

SWALI: Habari, mi nipo Kigoma mjini. Kaka yangu alifariki Tabora kwa ugonjwa wa figo, sasa ni kama miezi miwili. Wifi yangu yupo eda, ndugu wakaamua watoto waje kwangu ili apumzike. Wa kike ana miaka 11 anajua kila kitu, wa kiume ana 6, yeye kwenye msiba walimwambia baba kapanda treni kaenda Dar kikazi. Sasa huku tunakokaa honi ya treni inasikika, akiisikia tu anaacha chakula anakimbia nje kwenda kumpokea baba. Pia ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani. Kwenye msiba alicheza tu na wenzake, watu wakasema huyu hana habari. Dada yake yeye hasumbui kabisa, anafua, anapika, hata halii. Nimwambie huyu mdogo au nisubiri akue?

JIBU: Pole sana shangazi, na wewe umefiwa na kaka, watu wengi wakiona mtu anahangaika na watoto wanasahau kumpa pole yeye mwenyewe.

Mwambie. Wala usisubiri akue, mwambie wiki hii. Najua wazee waliomficha walikuwa na nia njema, lakini angalia kinachotokea kila treni inapoingia, yule mtoto anafiwa upya bila kujua kama amefiwa. Anakimbia, anasubiri, baba hashuki, anarudi ndani. Kichwani kwake jibu analopata ni kwamba baba anaweza kurudi ila hataki, na kwa mtoto hilo linauma kuliko kifo chenyewe maana anaanza kujiuliza nilimkosea nini. Watoto wa umri huo wana tabia ya kudhani mambo yanatokea kwa sababu yao, eti nilimkasirisha, nilikataa kula, nilisema simpendi. Na siku atakayoambiwa na mtoto mwenzake shuleni kwamba baba yako alizikwa, atakuwa amempoteza baba na pia amepoteza imani na nyie wote mliobaki.

Sasa kumwambiaje. Kwanza zungumza na wifi, kama anaweza kusema mwenyewe ni bora yeye, hata kwa simu huku wewe umempakata mtoto. Chagua asubuhi au mchana, usiku kabla ya kulala usimwambie. Kaeni mahali alipozoea, simu nyingine weka mbali, afu tumia maneno mafupi na ya wazi, mfano hivi: "Nina jambo la huzuni nataka kukwambia. Baba aliumwa sana figo. Madaktari walimtibu lakini ugonjwa ulikuwa mkubwa sana. Baba amekufa. Mtu akifa mwili wake haufanyi kazi tena, hapumui, hali, hasikii maumivu, na hawezi kurudi. Tulikwambia kasafiri kwa sababu tuliogopa utaumia, haikuwa kweli, tusamehe." Kisha nyamaza. Muache aulize au asiulize.

Neno "amekufa" najua kwetu linaonekana kali, mtu mzima tunasema amefariki, ametutoka, na hayo ni maneno ya adabu, lakini kwa mtoto wa miaka 6 "ametutoka" maana yake katoka, basi atarudi. Ukisema "amelala" anaweza kuanza kuogopa kulala, na "Mungu alimpenda zaidi akamchukua" nimeona watoto inawafanya wamuogope Mungu kwamba kesho atamchukua mama. Kumfundisha dini yenu mfundisheni, kumuombea baba dua ni kitu kizuri sana na kinampa mtoto cha kufanya, ila ije baada ya kuelewa kwamba baba amekufa. Na mueleze kwamba sio kila ugonjwa unaua, la sivyo siku ukipata mafua atakuwa anakuchungulia usiku kama unapumua.

Pengine ataitikia tu "haya" afu aombe kwenda kucheza mpira, usishangae. Ndo hicho watu walichokiona msibani wakasema hana habari. Mtoto hawezi kukaa na huzuni masaa mengi kama sisi, inamjia kidogo inaondoka, analia dakika tano anacheka, halafu jioni anakuuliza tena "baba anarudi lini?" Kuelewa kwamba kifo hakina kurudi kunakuja taratibu, kwa wengi kati ya miaka 5 na 7 na wengine baadaye kidogo, kwahiyo atarudia swali lile lile mara nyingi sana na wewe mjibu kwa maneno yale yale, usimwambie nilishakwambia. Ukimkuta anacheza mazishi na wenzake, anazika doli au kopo, muache, sio uchuro, yani ndo anavyolichambua jambo lenyewe.

Treni bado atakimbilia kwa muda hata ukishamwambia. Toka naye, simama naye pale nje, mwambie ulitamani baba ashuke ee, hata mimi natamani, baba amekufa hatashuka. Afu rudini ndani mkale.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyehamishwa mji na kufiwa ni jambo la kawaida kabisa, na mara nyingi linapungua lenyewe akitulia. Usimchape, usimuanikie godoro mbele za watu wakamuita kikojozi. Muamshe mara moja usiku, asubuhi badilisheni shuka kimyakimya. Ila akisema anaungua akikojoa, ana homa, au anakunywa maji mno na anakonda, mpeleke akapimwe mkojo na sukari, sio kila kitu ni huzuni.

Sasa yule wa miaka 11, niseme ukweli huyu ndo kanigusa zaidi kwenye barua yako. Hasumbui, anafua, anapika, watu wanamsifu kakomaa, lakini hebu fikiria amebeba siri ya nyumba nzima, kila mdogo wake anapokimbilia treni yeye anajua na haruhusiwi kusema, na akilia atatoa siri, ndo maana halii. Mpunguzie kazi, mrudishie nafasi ya kuwa mtoto. Mwambie kwamba kuficha hakukuwa kazi yake na sasa kumeisha. Wapo watoto wa namna hii ambao huzuni yao inatokea tumboni, kichwa kinauma kila siku, masomo yanashuka, kwahiyo hao wote wawili ongea na walimu wao, ni wageni shuleni na mwalimu asipojua atamuona mvivu tu.

Jambo lingine ambalo hukuuliza. Watoto hawa ndani ya miezi miwili wamepoteza baba, nyumba, shule, marafiki, na mama naye yuko mbali. Eda inamtaka mjane abaki nyumbani, haimkatazi kukaa na watoto wake, muulizeni sheikh wenu mtaona. Mi ningependa wawe na mama haraka iwezekanavyo, na kama haiwezekani kwa sasa basi wajue tarehe, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, muwekeeni mdogo kalenda ukutani akate siku kwa kalamu. Simu na mama iwe kila siku saa ile ile. Likizo wakienda Tabora mjomba wao awapeleke kaburini wakiwa wameelezwa kabla watakachokiona, na asiyetaka asilazimishwe. Picha za baba msizifiche, shati lake moja wapeni.

Kuongelea kifo kwa maneno ya kweli sio mambo ya kizungu. Moshi hapa kwetu na Bungoma kule Kenya walifanyia utafiti watoto yatima wa miaka 7 hadi 13, matokeo yakatoka 2020, wakiwa kwenye vikundi na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, sehemu kubwa ikiwa ni kusimulia kidogokidogo kifo cha mzazi. Sehemu nyingi za utafiti huo watoto walipata nafuu kweli, ingawa kwa Moshi mjini tofauti na wale waliopata huduma ya kawaida haikuonekana vizuri. Kwahiyo huhitaji digrii ili umsikilize binti yako.

Msaada zaidi utafute kama siku zinaenda na bado hali vizuri, halali, hachezi, hataki shule. Ila mmoja wao akisema anataka kumfuata baba, usisubiri kabisa, muulize wazi anamaanisha nini na siku hiyohiyo mpeleke hospitali ya Maweni au kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya bure, ni ya mambo ya watoto nchi nzima, hata wewe unaweza kupiga.

Anza na binti leo jioni, mkiwa wawili tu, mwambie mnaenda kumwambia mdogo wake ukweli na muulize yeye angependa awepo au asiwepo. Halafu mpigie wifi.