Debian na ahadi ya uhuru

SWALI: Tangu 1997 Debian, mradi wa mfumo endeshi wa kompyuta, imeahidi mfumo ulio huru asilimia 100, yaani ambao yeyote anaweza kuutumia, kuuchunguza na kuubadili. Mbona Debian 12 imeniwekea vitu visivyo huru?

JIBU: Mwaka 2022 wanachama walipiga kura kubadili Mkataba wao wa Kijamii, hati yenye ahadi hiyo, ili diski rasmi ya kusakinishia ibebe programu zisizo huru zinazofanya kazi ndani ya vifaa (firmware), maana kompyuta nyingi zilikosa Wi-Fi. Walifanya hadharani, lakini kwa maoni yetu ahadi imelegea: kifaa kikizihitaji, zinaingia zenyewe.

Sakinisha check-dfsg-status, programu inayoorodhesha vitu visivyo huru, kisha endesha amri ya jina hilohilo, utaviona vyote. Ukiondoa firmware-iwlwifi, yaani firmware ya Wi-Fi ya Intel, Wi-Fi hiyo haitaamka ukiwasha upya, basi uwe na waya wa mtandao kwanza. Kama unasakinisha upya, ongeza firmware=never kwenye mstari wa amri wa kuwashia kisakinishi, ili zisiingie zenyewe.