Kijana wa Igoma, tatizo lako si koneksheni

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Igoma, Mwanza, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Naomba koneksheni. Chuo nimemaliza, programu naandika vizuri, ila hizi kampuni kubwa za teknolojia zinachukua watu wa Nairobi na Lagos tu." Ujumbe wa namna hii napata sana tangu watu wajue ninakofanya kazi. Huu umenikaa kichwani kwa sababu na mimi niliwahi kusema maneno hayohayo, nikiwa Mabatini kule juu ya mawe, bando linakaribia kuisha.

Koneksheni tuimalize haraka. Aliye ndani anaweza kupeleka jina lako ili sivii yako isomwe. Basi, anaishia hapo. Maswali utaulizwa yaleyale. Na hizo ofisi siku hizi haziko mwisho wa dunia: Microsoft walifungua kituo chao cha wahandisi Nairobi mwaka 2019, Google wakatangaza cha kwao Nairobi mwaka 2022. Unapanda basi, unavuka Sirari, umefika. Kinachotuangusha watu wa huku ni kitu kingine, na mimi kiliniangusha.

Usaili wangu wa kwanza kwenye kampuni kubwa (sitaitaja) msaili alikuwa dada mpole aliyekaa Dublin. Akanipa orodha ya namba: tafuta mbili ambazo ukizijumlisha unapata jumla fulani. Swali la kawaida kabisa, mtandaoni limejaa. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuwaza. Kwetu mtoto anayebwabwaja mbele ya mkubwa hana adabu. Mkubwa akikuuliza unatulia, unatafakari, unajibu mara moja na kwa kifupi. Ndivyo nilivyofanya. Dada wa watu akauliza, "Unawaza nini?" Nikamjibu, "Nafikiri," nikarudi kwenye kimya changu. Jibu nililipata, tena sahihi. Wakanikataa.

Iliniuma. Sitadanganya, hadi leo inauma kidogo.

Baadaye ndipo nilipojua mambo yanavyokwenda. Google, kwa mfano, msaili haamui peke yake. Anaandika mliyozungumza, na maandishi hayo yanasomwa na kamati ya watu ambao hawajawahi kuiona sura yako. Amazon nako wanaweka msaili mmoja kutoka nje ya timu inayoajiri, na huyo akikataa, hupiti. Sasa niambie, yale uliyoyawaza ukiwa umeinama, nani atayaandika?

Nikaanza mazoezi kwa sauti. Msikilizaji wangu alikuwa mdogo wangu wa kike, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jioni akirudi namkalisha, hata viatu hajavua, namweleza lile swali la namba mbili. Nikamwambia, njia ya kwanza unachukua kila namba unailinganisha na zote zilizobaki. Namba zikiwa 10,000, hapo una jozi karibu milioni 50. Akacheka. "Kaka, kwa hiyo mimi mteja akija kulipa deni nisome daftari zima? Kila mtu ana ukurasa wake, nafungua palepale."

Nikabaki namtazama. Ndiyo njia ya pili hiyo, ile wasaili wanayoingoja! Kila namba unayoipita unaihifadhi mahali pake, ukifika kwenye mpya unaangalia tu kama mwenzake wa kukamilisha ile jumla ameshapita. Unazipitia zile 10,000 mara moja, kazi imekwisha. Gharama yake ni kwamba unatumia kumbukumbu zaidi ya kompyuta, na hilo nalo liseme kwa mdomo wako, maana wanataka kusikia kwamba umelipima. Yule mdogo wangu hajui kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini kila aliposema "hapo sijaelewa," ndipo palipokuwa pananiponza. Tafuta mtu kama huyo. Mtaalamu mwenzako atakuelewa hata usipojieleza, na huko ni kukudanganya.

Kuna na maswali ya tabia. "Tueleze siku uliyotatua tatizo kubwa." Hapa nilikuwa na hadithi nzuri. Kabla ya haya yote nilikuwa fundi kompyuta kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na usiku, kwa muda wangu, niliandika programu ya kusoma joto la chumba cha baridi na kutuma meseji likipanda. Kwenye kikao bosi akasimama: "Tumetengeneza mfumo." Wakampigia makofi, mimi nikatumwa printa ghorofani. Basi nikazoea hiyo "tu-". Kwenye usaili kila kitu nikawa nasema "tulifanya, tuliamua," naona ndiyo unyenyekevu. Wao wanataka kujua wewe ulifanya nini. Sema "niliandika." Sema "niliamua." Kujisifu ni kusema usichofanya. (Bosi yule nilipopata kazi alinitumia salamu ndefu, mwishoni akaniombea mwanawe nafasi. Nilimjibu kwa heshima zote.)

Jambo dogo la saa: Ulaya wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Saa nne asubuhi ya Dublin huku kwetu ni saa sita mchana wakati wao wa kiangazi, ila wakati wa baridi ni saa saba. Hakikisha. Na kama nyumba yenu ni ya bati, msimu wa mvua omba chumba kwa rafiki mwenye dari.

Vijana wenzangu, usaili wa Ajira Portal, ule wa kazi za serikali, umetuzoesha vibaya: swali limefungwa, jibu ni moja. Huku swali linakuja nusu kwa makusudi. Uliza! Namba zinaweza kujirudia? Orodha ikiwa tupu je? Ongea. Ukikwama, sema umekwamia wapi. Ukiona umekosea njia, sema, rudi. Ongea.

Kazi yenyewe ukishaipata haina maajabu. Siku nzima nasoma msimbo (maandishi ya programu) wa wenzangu na wao wanasoma wangu, maana hakuna mstari unaoingia bila mwingine kuukubali, na zamu yangu ikifika nalala na simu sikioni, mfumo ukianguka niamke. Kubishana kwa hoja, kwa maandishi, na watu waliokuzidi umri. Kwa mtu aliyelelewa Usukumani hilo ndilo gumu kuliko programu yoyote.

Kwa hiyo kijana wangu, chukua simu, jirekodi ukieleza swali moja kwa dakika 45, maana usaili mmoja ndio huwa urefu wake. Jisikilize mwanzo hadi mwisho, hata aibu ikikushika. Ukiona kimya chako kimepungua, nitumie sivii. Ukurasa mmoja. Ondoa picha, dini, hali ya ndoa na shule ya msingi. Wale wadhamini watatu watoe pia, akiwemo mheshimiwa diwani.