Kwa wewe unayeanza kupanga sanaa uwanja wa ndege

Kama umezoea kupanga kazi kwenye makumbusho, anza kwa kubadilisha namna unavyomfikiria mtazamaji. Kule mtu ametoka nyumbani makusudi kuja kuangalia. Huku amekuja kupanda ndege, ana begi mkononi na macho yake yameelekea ubao wa safari. Usimlaumu. Mpangie hivyo hivyo alivyo.

Kwa hiyo, kabla hujachagua kazi hata moja, nenda ukae ndani ya jengo la abiria, asubuhi na tena usiku, uone watu wanasimama wapi. Kabla ya ukaguzi wa usalama wana wasiwasi, hawasomi chochote. Wakishavuka na kuvaa tena mikanda yao, ndipo wanaposhusha pumzi. Uwanja wa Schiphol, Amsterdam, walilielewa hili mapema: Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya Uholanzi, ilifungua tawi lake humo mwaka 2002, ng'ambo ya ukaguzi wa pasipoti, na kuingia ni bure. San Francisco nako uwanja una makumbusho yake tangu 1980, na yamewahi kuonyesha hadi taipureta za zamani. Napenda sana uamuzi huo, maana kitu ambacho mtu alikiona kwa babu yake humsimamisha bila kuitwa.

Mahali pa kupita tu pana kanuni nyingine. Atlanta, kwenye njia ya chini ya ardhi ya kwenda kwenye mageti, waliweka sanamu za mawe kutoka Zimbabwe. Ni kubwa, umbo lake linaonekana kwa mbali, na mtu anaziona bila kupunguza mwendo. Mchoro mdogo wenye mambo mengi ungepotea pale.

Sasa tuje kwenye vifaa vyetu wenyewe, maana hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Michoro ya Tingatinga, tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na majengo ya abiria yamejaa kuta za vioo. Ukiutundika mchoro ukitazamana na dirisha, abiria anaona dirisha, haoni twiga. Utundike ukutani ubavuni mwa dirisha, kisha urudi saa kumi na moja jioni jua likiwa chini, usimame pale atakaposimama yeye. Kinyago cha mpingo kina adui mwingine: kiyoyozi kisichozimwa usiku wala mchana. Mti uliochongwa ungali mbichi hukauka kwa kasi na kupasuka, kwa hiyo muulize mchongaji mti ulikatwa lini, na usikiweke kinyago chini ya tundu la hewa. Kanga na vitambaa vingine makumbusho huviwekea mwanga hafifu wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga) ili visipauke. Ndani ya uwanja taa huwaka usiku kucha; visikae muda mrefu, vibadilishe.

Maelezo yaandike mafupi: jina la msanii, mahali anapofanyia kazi, mwaka, alichotumia, na sentensi mbili basi. Kiswahili kitangulie kama uwanja ni wetu. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliyeketi kwenye kiti, kwa sababu wengi watasoma wakiwa wamekaa.

Na msanii alipwe. Utaambiwa kwamba atajulikana na maelfu ya wasafiri, na hilo litatumika kama ujira. Usikubali kwa niaba yake. Malipo, bima na nani atabeba gharama kazi ikiharibika viandikwe kabla gari la mizigo halijafika.

Siku ya kutundika, orodhesha kila kifaa: bisibisi, kisu cha kukatia, drili na vichwa vyake. Ukivuka ukaguzi vitahesabiwa kuingia na kutoka, na kimoja kikikosekana mtabaki pale mkikitafuta. Kuhusu ukuta, wasiliana na mhandisi wa jengo na watu wa zimamoto kabla ya kuutoboa, na njia ya kutokea wakati wa dharura isizibwe hata kwa nusu hatua. Ufunguo wa kabati la kioo acha nakala kwa msimamizi wa zamu, kwa maandishi, zamu ya usiku ikiwemo, kwani hitilafu nyingi za taa utapigiwa simu usiku.