Muulize Fundi: Rejeta Haijaibwa

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu ametuachia gari kwenye banda la mahindi, lilikuwa limefunikwa turubai. Ni fupi, linanifika kiunoni. Bodi ni faiba na halina milango: paa lote linanyanyuka pamoja na kioo cha mbele. Injini iko nyuma, rejeta haipo, nadhani imeibwa. Mjomba anasema ni gari la wazungu wa karanga. Mnunuzi wa chuma chakavu ametaja laki tatu. Niuze au nilifufue? Nianzie wapi?
Mjukuu, Kongwa

JIBU: Marahaba, mjukuu. Usiuze. Na huyo wa chuma chakavu sijui anataka kupima nini kwenye mzani, maana faiba si chuma.

Mjomba namheshimu, ila mpango wa Waingereza wa kulima karanga hapo Kongwa ulianza 1947 ukafa 1951. Paa unalolieleza linafanana na la Nova, gari la Uingereza la 1971 lililochorwa na Richard Oakes. Kwa kawaida halikuuzwa likiwa zima. Mteja alinunua bodi na vikorokoro vyake, akavifunga mwenyewe juu ya chasisi ya Volkswagen Beetle. Waingereza walizichangamkia gari za vipande kwa sababu hadi 1973 hazikutozwa ile kodi ya ununuzi ya gari zima. Bodi hiyohiyo Marekani iliitwa Sterling, na Australia ikaitwa Eureka, kwa hiyo tafuta kwanza kibandiko chochote kabla hujaliita jina lolote.

Rejeta haijaibwa, haikuwahi kuwepo. Injini ya Beetle hupozwa na upepo wa feni, na yale mabati yaliyoizunguka ndiyo yanayouelekeza upepo kwenye silinda. Kuna fundi hapa Majengo aliyang'oa "injini ipumue". Ilipumua mpaka ikaungua. Yako yafungue tu utoe viota vya panya, kisha yarudishe yote.

Sasa kazi. Vijana wengi wangekimbilia kupiga msasa na rangi. Faiba haishiki kutu, inaweza kungoja. Kinachooza ni sakafu ya chuma chini yake. Kwenye Beetle betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na asidi ikidondoka hula bati lile. Chukua bisibisi ugonge pale taratibu: sauti ikiwa kavu, shukuru, bisibisi ikizama, unahitaji mchomeleaji anayejua bati jembamba, si wa mageti. Kwenye sehemu hiyohiyo ya nyuma, juu ya boriti ya chuma inayopita katikati ya sakafu, pamegongwa namba ya chasisi. Isugue kwa brashi, uipige picha, uilinganishe na kadi ya gari ya babu kabla hujatumia hata senti. Namba zikigombana, malizana na TRA, mamlaka ya mapato, kwanza.

Injini usiipige stata. Toa plagi, tia mafuta kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, halafu izungushe kwa mkono kwa spana namba 30 kwenye puli ya chini. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, weka lita 2.5, pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.15. Tangi na mipira ya petroli visafishwe au vibadilishwe. Mipira iliyokauka ndiyo huchoma gari hizi. Breki usiijaribu kwa huruma, badilisha mipira yote.

Hilo paa nalo, usijifungie ndani peke yako mpaka uhakikishe linainuka kutoka ndani. Na ukifika kwenye nyufa za faiba, changanya resini asubuhi na mapema. Saa saba mchana kwa jua letu itagandia koponi kabla hujaipaka. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha hadi kesho yake.

Nitumie picha ya ile namba na ya dashibodi.