Kapi Likicheza, Usilaumu Skrubu

Upepo wa kusini wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndio mkaguzi wa mashua ndogo za tanga hapa Kigoma. Kifaa kilichotulia masika nzima huanza kucheza siku ya kwanza unapovuma sawasawa. Maswali ya safari hii karibu yote ni ya sitaha.

Shikamooni mafundi. Boti yangu ni ya faiba, sitaha ina plaiwudi katikati. Kapi la kamba ya demani (ile ya kuongozea tanga) linacheza. Nimekaza skrubu, baada ya siku mbili limelegea. Nimeweka skrubu nene zaidi, mambo ni yale yale. (Msomaji, Katonga)

Marahaba. Skrubu haina kosa. Kilichokwisha ni mbao iliyoishika. Maji yamepenya pembeni mwa skrubu, yakakaa ndani ya plaiwudi, ikaoza. Chumvi ya bahari huwazuia kidogo kuvu wa kuozesha mbao. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna hata nafuu hiyo. Skrubu nene inapanua tu tundu ndani ya uozo.

Ng'oa kapi, kisha gonga sitaha kuzunguka matundu kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kwa ukavu ni pazima, panapotoa sauti bubu ni pabovu. Chora mpaka kwa chaki. Ubovu ukizidi upana wa kiganja, usihangaike na matundu: faiba ya juu ikatwe na plaiwudi ibadilishwe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Ubovu ukiwa mdogo, badala ya skrubu utatumia bolti inayopita mpaka chini. Ikiwa bolti ni ya mm 6, toboa tundu la mm 12 kwenye faiba ya juu na plaiwudi, ila faiba ya chini usiiguse. Kata kichwa cha msumari, pinda ncha yake mm 6 hivi kama herufi L, ufunge kwenye drili na kuuzungusha polepole ndani ya tundu. Utachimba mbao laini bila kuharibu juu. Toa unga wote, acha juani siku kadhaa, na usiku funika. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka, maana epoksi (gundi ya kuchanganya na kigumishi) haishiki mbao mbichi.

Pakavu? Mimina epoksi nyepesi ilowe kwenye mbao kwa dakika 10. Nyingine ichanganye na unga laini wa mbao iliyopigwa msasa, uliochekechwa, mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ujaze kwa bomba la sindano la ml 20 la duka la dawa, ukianzia chini ili hewa isibaki. Kipimo fuata cha kopo lako. Kuongeza kigumishi hakuharakishi, kunaiacha laini daima. Changanya kidogo kidogo. Kwa joto letu kikombe kilichojaa huchemka na kutoa moshi. Baada ya saa 24 toboa mm 6 katikati, mpaka chini. Sasa bolti inapita kwenye epoksi tupu, na maji hayaioni mbao.

Chini ya sitaha weka kipande cha plaiwudi ya mm 9 kilichopakwa epoksi, upana wake mara mbili ya kifaa, kisha washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu) na nati yenye nailoni. Bila kipande hicho nati itajizamisha kwenye faiba polepole, nawe utaandika tena mwakani.

Silikoni ya bafuni inafaa kuziba chini ya kifaa? (Ujiji)

Hapana. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na mabaki yake hukataa rangi na gundi mpaka uyakwangue yote. Tafuta gundi ya poliurethani ya tyubu. Mafundi wa vioo vya magari wanaitumia kila siku. Panua mdomo wa tundu kidogo kwa biti kubwa, kina mm 1 au 2, ili gundi ijikusanye kama pete kuizunguka bolti. Wakati wa kukaza, shikilia bolti kwa bisibisi, zungusha nati. Ukizungusha bolti unaipasua ile pete.

Pete ya kufungia kamba kwenye sitaha yangu inacheza, nayo iko juu ya tangi la hewa la kuielesha boti, mkono haufiki chini.

Kata tundu la mviringo na ufunge kifuniko cha kuzungusha, kipenyo cha ndani kama mm 125, mahali pasipokanyagwa. Wengi huogopa kukata, ila tangi lisilokaguliwa ndilo linalobeba maji kimyakimya. Kutafuta linapovuja, pulizia hewa kwa mdomo kupitia mrija na upake maji ya sabuni nje. Kompresa ya matairi isikaribie, itapasua maungio.

Skrubu za mkanda wa miguu zililegea, nikajaza matundu njiti za kiberiti na gundi nyeupe ya seremala. Ni kosa? (Kibirizi)

Kwa kiti cha jikoni, sawa. Ile gundi hulainika ikikaa majini, na mkanda wa miguu unabeba uzito wa mtu anayening'inia nje ya boti. Toa, fanya kama jibu la kwanza.

Skrubu za chuma cha pua zimekwama kwenye mlingoti wa alumini.

Metali hizo mbili zikikutana na maji, alumini huliwa, na unga mweupe wa kutu yake ndio unaozibana. Pasha kichwa cha skrubu kwa chuma cha kulehemu risasi, dondosha mafuta ya kulegeza kutu, subiri usiku kucha, kisha tumia bisibisi ya mkono inayoenea kichwani kikamilifu. Ikikataa, rudia mara mbili tatu kabla ya kufikiria drili. Unaporudisha, paka grisi nzito isiyoyeyuka majini kwenye nyuzi za skrubu, na chini ya kifaa weka kipande chembamba cha plastiki.